Bwana Harusi Asiyejua Kuwa Ameoa

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu kuniuliza, "Bibi, hivi ulistaafu kazi gani?", kaeni vizuri, maana jibu lake halionekani kwa macho. Mwalimu mnamjua kwa chaki, nesi mnamjua kwa sindano. Mimi nilikuwa mtafiti wa sheria za nchi za nje. Haya, chekeni kwanza mmalize, nitasubiri.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu anaishi Kasulu au Kibondo, lakini jambo lake lina mguu mmoja ng'ambo. Aliolewa Burundi, au alizaa Kongo, au baba yake kafia huko na ndugu wanagombana huku. Hakimu wetu anazijua sheria za Tanzania. Za jirani hazijui, na wala hatumlaumu. Lazima atokee mtu amwoneshe kwa ushahidi kwamba kule mambo yako hivi na hivi. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilitafuta, nikasoma, nikaandika maoni, kisha nikasimama mbele ya mawakili ambao walikuwa wanaomba Mungu nijikwae.

Mtaani kwetu hawakuelewa hata chembe. Wengine walinong'ona kwamba mimi ni usalama. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye heshima zake, alikuja asubuhi moja akivuta mbuzi. Alitaka nimpe ile sheria ya Kanada.

"Ipi, mzee?"

"Ile ya kuingia."

Nikamwambia ya Kanada siijui, mimi ni wa Burundi na Kongo. Akafikiri kidogo, akasema basi hata ya Australia. Mbuzi nilimrudisha, lakini wakati tunabishana alikuwa ameshamaliza mchicha wangu wote, kwa hiyo mkiniuliza nani alipata hasara siku hiyo, ni mimi.

Nilianzia Kibondo, kama mpiga chapa. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, ikisaidia wakimbizi mambo ya ndoa, watoto na urithi. Nilipiga chapa maneno nisiyoyaelewa mpaka nikachoka kutokuelewa, nikaenda Dar kusoma sheria, nikarudi na cheti na kiburi. Kiburi hicho kilinitoka mikononi mwa Papaa Mulumba.

Papaa Mulumba alikuwa Mkongo, karani wa mahakama wa zamani huko kwao, mkimbizi aliyekaa kambini upande wa Kasulu, lakini shati lake halikukosa pasi hata siku moja. Alilipiga kwa pasi ya mkaa mbele ya hema. Ofisi ilimwomba anifundishe kusoma sheria za Kifaransa. Mara ya kwanza nilimpelekea sheria ya Kongo niliyoipata baada ya kuhangaika kweli kweli. Nikaiweka mbele yake nikisubiri sifa. Akaitazama, akanitazama.

"Binti, hii iko muzima ao ilikufa?"

Nikasema, Papaa, ni sheria, iko hapa, imeandikwa.

"Sheria inazaliwaka, inagonjwaka, inakufaka. Weye umeniletea maiti, unasema ni mugeni."

Ilikuwa imefutwa zamani. Ndipo aliponifundisha jambo ambalo ninyi na simu zenu hamtaki kulisikia: ukishaipata sheria, hapo ndipo kazi inaanza. Tafuta iliyokuja baada yake. Tafuta iliyoigusa, hata kwa mstari mmoja uliofichwa katika sheria ya mambo mengine kabisa, kwa maana watunga sheria wana tabia ya kuficha mabadiliko ya ndoa ndani ya sheria ya kodi. Kisha nenda kamsalimie karani anayeitumia. Usimuulize sheria inasemaje. Ukimuuliza hivyo atakusomea kitabu, na kitabu unacho. Muulize, "Mtu akija na shida hii leo asubuhi, unamfanyia nini?" Halafu nyamaza. Nyamaza kabisa! Karani yeyote duniani hawezi kuvumilia kimya, atakwambia kila kitu.

Na jambo lingine: andika pia ulichokosa. "Nimetafuta hiki, sikukiona." Vijana mnaona aibu kuandika hivyo. Mimi sentensi hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko sentensi yoyote niliyoijua.

Sasa niwape na cha bosi wangu, maana ninyi mnapenda vya mabosi. Baadaye nilihamia Kasulu kwa wakili mmoja kutoka Moshi, aliyekuja kwa kesi moja tu akanogewa na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, hakuondoka tena. Mtu mwema, mkarimu, lakini haraka zake! Siku moja mimi nilikuwa naumwa malaria, na yeye alikuwa na shauri la mpaka wa shamba lililohitaji sheria ya Burundi. Akasema, ah, kwani kuna ugumu gani? Akaingia kwenye mtandao, akaona kitu cha Kifaransa kuhusu ardhi, akakichapa, akampa mtu wa kutafsiri, akaenda nacho mahakamani. Alisoma kwa sauti ile ya kiwakili mpaka akafika palipoandikwa umbali unaotakiwa kutoka ufukwe wa bahari.

Hakimu wetu, mama mpole sana, akainua kichwa. "Wakili, Burundi wana bahari?"

Bosi wangu akakunja karatasi zake, akasema, "Mheshimiwa, naomba ahirisho."

Ilikuwa sheria ya Ufaransa wenyewe! Alikuja kunisimulia nikiwa kitandani, akicheka mpaka akashika nguzo ya kitanda, na mimi na malaria yangu nikacheka nikatapika. Toka siku hiyo alipokuwa na haraka tulimuuliza tu kama ameshapita baharini.

Lakini shauri ninalotaka kuwapa leo ni la Spesioza.

Spesioza alikuwa mwanamke wa Munanila, mkulima wa kahawa na maharage, mwenye sauti ya kuita mtu mlima wa pili. Aliingia ofisini asubuhi moja ya ukungu, kitenge kimelowa mpaka magotini, akakataa kiti.

"Mume wangu anaoa," alisema.

Bosi akamuuliza anaoa wapi.

"Kwao, Burundi. Jina lake limebandikwa kwenye ubao wa komini, ile ofisi ya serikali yao, yeye na msichana anaitwa Goreti. Wauza maharage wa Manyovu wanaovuka mpaka wamelisoma kwa macho yao. Wataandikishwa keshokutwa."

Mumewe aliitwa Melkiori, Mrundi aliyevuka akiwa kijana, akalima huku, akampenda Spesioza, wakafunga ndoa kanisani Munanila na shangwe zote. Wamezaa watoto watatu. Miezi michache nyuma Melkiori alikwenda kwao kumzika baba yake, akasema anarudi baada ya matanga. Matanga ya namna gani hayo yasiyoisha? Ndugu zake walimwambia wewe ndiye mrithi, kaa kwenye mlima wa baba yako, penye mashamba na makaburi yenu, na mke tumekutafutia. Na yeye akakubali. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani alimwambia?

Spesioza hakulia pale ofisini. Alipofika kwenye habari ya watoto ndipo alipokivuta kile kiti akakaa. "Mimi nitalima, sifi njaa. Lakini wakimwandika yule msichana kuwa mke, wangu mimi watakuwa watoto wa nani kule? Siku wakienda kwenye mlima wa babu yao watafukuzwa kama mbwa wa jirani."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Watoto watatu kuwa na kwao, au kutokuwa nako.

Bosi alimpigia Melkiori simu papo hapo, akaweka spika ya nje ili sote tusikie. Nilitegemea mtu mjanja, mwongo, mwenye visingizio. Wapi! Jamaa alishangaa kwa dhati.

"Wakili, mimi sijaoa. Mimi na mama watoto tulienda kwa padri tu. Hatujaandikishwa."

"Ulivaa pete?"

"Nilivaa. Hiyo ni ya Mungu. Kwa serikali mimi ni kijana."

Spesioza akaangua kicheko kibaya, kile cha mtu anayetafuta kitu cha kurusha. Nilisogeza wino mbali na mkono wake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Kule ng'ambo, padri ni wa Mungu peke yake. Ukitaka serikali ikutambue, lazima uende komini mbele ya afisa ukaapishwe na kuandikwa. Kanisani unaweza kuimba mpaka asubuhi, mbele ya sheria bado hujaoa. Huku kwetu si hivyo. Padri wetu anapewa leseni na serikali, na akikufungisha ndoa amekufungisha kwa Mungu na kwa Jamhuri kwa mpigo mmoja. Melkiori alisimama mbele ya padri wa Munanila akiwa na kichwa cha kwao. Akadhani ameoa nusu. Kumbe kaoa kamili, kaishi kamili, kazaa kamili, yeye mwenyewe hana habari! Kosa hilo huwezi kulikuta Morogoro. Ni la watu wa mpakani.

Na sheria ya kwao nilikuwa naijua: mtu mmoja, mke mmoja, na ndoa iliyofungwa nje kwa taratibu za nje inakubalika. Aliye mke ana haki ya kuweka pingamizi kabla afisa hajaandikisha ndoa nyingine. Lilikuwa jambo la kuliandika tu na kulipeleka. Nikajifungia, nikaandika kwa Kifaransa kizuri, vifungu vimepangwa kama sahani kabatini. Kisha nikapanda pikipiki mpaka kambini nikamwoneshe Papaa Mulumba.

Alikuwa amezeeka sana. Alisoma mpaka mwisho, akakunja miwani.

"Kifaransa ni muzuri. Lakini afisa atasoma hii, atasema hapana."

"Kwa nini, Papaa? Sheria ya Burundi nimeiweka yote."

"Ya kwake anaijua! Weye unamufundisha mutu jina ya mama yake. Yeye hajue ya kwenu. Kwa yeye, padri ni padri. Sheria ya kigeni hapa ni ya kwenu, binti. Njo vile."

Jamani, nilikaa kwenye kile kigoda chake nikajiona mjinga kwa raha zote. Miaka yote nilizoea kubeba sheria za wenzetu kuzileta huku. Haikunijia kabisa kwamba siku moja ya kwetu ndiyo itakuwa ngeni, na mimi ndiye nitakayeivusha, na yule wa kule atanitazama kama nilivyokuwa nawatazama wengine. Tukaifuta yote, tukaandika upya. Papaa alinikataza nisianze na jibu. Nilianza na kile ambacho afisa hakukijua na hakujua kwamba hakijui: kwetu, serikali humkabidhi padri kalamu yake. Tukaambatisha sheria yetu, tafsiri, na nakala ya cheti cha ndoa ambacho Spesioza alikuwa amekitundika sebuleni pembeni ya picha ya Bikira Maria.

Siku ya kuandikisha tulifika Manyovu mapema, mimi na Spesioza, tukavuka. Bosi alibaki; alisema yeye na sheria za Kifaransa wana historia. Spesioza alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kanisani na viatu vya kisigino. Ile milima mnaijua. Nilimwambia avae ndala mpaka tufike, akaniambia, "Mama Sheria, mimi naenda harusini kwa mume wangu. Siendi na ndala."

Ukumbi wa komini ulijaa, maharusi wengi, kila mmoja na ukoo wake. Tukawaona. Melkiori suti ya bluu, imembana mabegani. Goreti shela, uso wa mtoto aliyelazimishwa kukaa vizuri, maua ya plastiki mkononi. Nilimpa afisa karatasi zetu. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, anasoma huku anajipangusa jasho. Alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia. Mimi nilikuwa nahesabu mistari iliyobaki. Angeweza kusema tu kwamba hajui mambo ya Tanzania, akaendelea na kazi yake, na watoto watatu wa Munanila wangekuwa wameisha pale pale.

Aliniita. Aliongea Kirundi, nikamjibu kwa Kiha, tukasikilizana vizuri tu.

"Huyu padri, serikali yenu ilimpa kalamu?"

"Ilimpa, mheshimiwa. Leseni yake imetajwa humo."

"Na asingekuwa nayo?"

"Asingeweza kuwafungisha ndoa ya serikali. Wangebaki na baraka tu."

Akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba kumbe huku kwetu padri ana kazi mbili, ndiyo maana mahubiri ya mapadri wetu ni mafupi. Kisha akamwita Melkiori mbele. Melkiori alipogeuka akamwona Spesioza amesimama pale na visigino vyake.

"Mana yanje," alisema, yaani Mungu wangu.

"Siku ile kanisani," afisa alimuuliza, "padri alikuuliza kama unamkubali huyu mama. Ulijibu nini?"

"Nilisema ego, ndiyo. Lakini nilikuwa namwambia Mungu!"

"Basi serikali ya Tanzania ilikuwa imekaa hapo hapo inasikiliza. Wewe umeoa, bwana. Umeoa zamani."

Ukumbi mzima ulicheka, hata wale maharusi waliokuwa wanatetemeka. Melkiori alikuwa anarudia kwa sauti ya chini, "Nimeoa? Mimi? Miaka yote hii?" kama mtu aliyeambiwa anaumwa. Afisa akapokea pingamizi, akagonga muhuri. Akamwambia Spesioza alete cheti chenyewe na vyeti vya watoto, awaandike watoto kwenye kitabu cha komini kwa jina la baba yao na mlima wa babu yao. Spesioza alinishika mkono akaubana mpaka pete yangu ikaniingia kwenye nyama. Nilifurahi! Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti changu Dar. Nikaanza kukusanya karatasi zangu, najiona mkubwa.

"Na mimi?"

Ilikuwa sauti ndogo. Nikageuka, ni Goreti. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi amejifunika uso kwa kitenge. Ndugu wa Melkiori walikuwa wameshaanza kutoka nje mmoja mmoja. Yeye amebaki katikati ya ukumbi na shela lake.

"Mama, wewe umekuja na karatasi nyingi," aliniambia. "Mimi umeniletea ipi?"

Wajukuu zangu, nimeulizwa maswali na mahakimu, nimeulizwa na mawakili wa Kigoma na wa Dar wenye suti za gharama. Sikuwahi kukosa la kusema. Siku ile nilipekua karatasi zangu zote, na yake haikuwemo. Kwenye utafiti wangu wote yule msichana alikuwa jina la kwenye ubao tu, la kupingwa. Hakudanganya mtu. Walimpa mume wakamwambia vaa. Nilitamani ile sentensi yangu ya "nimetafuta, sikukiona", lakini hata hiyo ingekuwa uongo, maana sikuwa nimemtafutia.

Spesioza ndiye aliyemwendea. Nikajua sasa ni vita, nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Hakupiga. Alimwinulia shela lililokuwa limemwangukia usoni, akamtazama vizuri.

"Wewe, mdogo wangu, sheria imekuwahi," alimwambia. "Mimi imenikuta na watoto watatu."

Goreti alimtazama. Midomo ikaanza kumtetemeka, tukadhani analia, kumbe kicheko kinampanda. Alicheka mpaka mama yake akafunua uso kuona kuna nini. Kisha akamnyooshea Spesioza yale maua.

"Basi shika, dada. Bibi harusi ni wewe."

Spesioza akayapokea. Akayanusa, ingawa yalikuwa ya plastiki. Halafu akamgeukia Melkiori, akamkagua kuanzia viatu mpaka kwenye kola ya ile suti ya bluu, bila haraka yoyote.

"Maua nayachukua," alisema. "Huyu nitamfikiria njiani."